Pazia la Istanbul

Inspekta Nkulu alikuwa ameisoma barua ile mara nne, na kila mara aliiona barua nzuri. Hilo ndilo lililomsumbua. Miaka kumi na tisa ya upelelezi katika Parquet, ofisi ya mashtaka ya Kolwezi, ilikuwa imemfundisha kwamba mtoto aliye mbali humwandikia mama yake barua mbaya. Huomba kitu, hulalamikia baridi, husahau kumsalimu shangazi. Barua hii haikuomba kitu wala haikumsahau mtu.

Alikuwa amechuchumaa kwenye saruji ya stesheni, mbele ya turubai la Mama Godelieve. Huku na huku, familia zenye asili ya Kasai zilizofukuzwa zilikuwa zinangoja treni ya Kasai, wiki ya tano sasa. Ilikuwa Aprili ya mwaka tisini na tatu. Wakubwa walikuwa wametangaza kwamba kila mtu arudi kwao, na watu waliozaliwa Kolwezi, wakabatizwa Kolwezi, wakachimba shaba ya Kolwezi mpaka mapafu yakajaa vumbi, wakaambiwa kwamba kwao ni mahali wasipopajua hata kwa picha. Nkulu mwenyewe alikuwa Mluba wa Katanga, kwa hiyo aliruhusiwa kulala nyumbani kwake. Aliona aibu kila alipoingia pale na viatu vilivyopigwa rangi.

"Nani alileta hii barua?" aliuliza.

"Mama mumoja mwenye anauzisha mihogo," alijibu Mujinga, mkwe wa Mama Godelieve. Alikuwa amempakata mtoto mchanga aliyekohoa hata usingizini. "Alisema abiria wa Lubumbashi alimupatia. Ona, haina timbre. Ni par bonté."

Ni kweli, bahasha haikuwa na stempu. Posta ilikuwa imekufa siku nyingi, na barua zilisafiri kwa hisani, mkononi mwa yeyote anayekuja upande wako. Juu yake palikuwa na maandishi ya kalamu ya wino: *Mama Godelieve, Gare ya Kolwezi, hangari ya tatu.*

"Bwana yako alitoka hapa siku gani?"

"Tarehe kumi ya mwezi wa pili. Alienda Lubumbashi kukutana na Masudi, ule mufanyabiashara, bapande ndege ya Istanbul, balete bitambaa."

"Na ninyi mlitolewa mtaani Kapata lini?"

"Mwezi wa tatu, katikati."

"Basi alijuaje kama muko hapa?"

Mujinga alimtazama kwa macho ya mtu aliyekwisha kujiuliza swali hilo na kulijibu apendavyo. "Hata Turkia banasikilizaka redio, Inspecteur."

Redio haitangazi namba ya hangari. Nkulu hakumwambia hivyo. Aliichukua picha iliyokuja na barua na kuiinamia. Ilikuwa picha nyeusi na nyeupe, ya kiganja kimoja. Tshilombo, mume wa Mujinga, kijana wa miaka ishirini na sita, alisimama mkono mfukoni, koti limempwaya mabegani. Nyuma yake kulikuwa na msikiti wenye minara sita, jengo jingine lenye kuba kubwa, lango la soko lenye matao, na mwishoni mnara wa mviringo wenye kofia iliyochongoka. Barua iliyaeleza yote: *Mama, asubuhi nasali, kisha natoka ku musikiti na miguu mpaka ku munara ile unaona, ni hapa tu karibu. Niko muzima. Usiningojee. Panda treni na Mujinga na mutoto, nitabafuata kule.*

Na hapo ndipo ilipokuwa kesi. Barua ilisema panda treni, na Mama Godelieve alikuwa amekataa treni mbili. Ya tatu ilikuwa inaondoka kesho asubuhi. Mujinga hangemwacha mama mkwe, na kikohozi cha mtoto hakingengoja ya nne. Wiki iliyopita walikuwa wamezikwa watoto sita ng'ambo ya reli.

"Mama," alisema Nkulu, "mtoto mwenyewe anasema uende."

Mama Godelieve alikuwa ameketi juu ya sanduku la mbao la marehemu mume wake, mpiga mashimo wa mgodini aliyeuawa na vumbi miaka saba iliyopita. Hakujua kusoma. Hakuwa amelia hata mara moja tangu walipoletwa pale, na majirani walikuwa wameanza kumwogopa.

"Mi siombi unielezee, tata Inspecteur," alisema, akimwita tata, yaani baba, kwa heshima. "Niletee tu mwenye aliandika hii barua."

"Tshilombo?"

"Mwenye aliandika. Ukimuleta, napanda treni."

*

Stesheni nzima ilikuwa imekwisha kuhukumu: Masudi amemuuza kijana wa watu. Lisemwalo lipo, walisema, na kama halipo li njiani. Nkulu alimkuta Masudi dukani kwake, karibu na soko, akikunja vitenge na kuvipanga katika makasha. Alikuwa mtu mnene wa kofia nyeupe, babu yake alitoka Kasongo, upande wa Maniema, na ndugu zake walikuwa na malori mpaka Tenke.

"Unahama?" Nkulu aliuliza.

"Sijafukuzwa bado. Mais leo ni bale, kesho batasema na sisi turudie Maniema. Mi nafunga mapema." Alifuta jasho. "Najua juu ya nini umekuya. Sikumuuza. Nilimungojea Tshilombo ku aéroport ya Lubumbashi mpaka bakafunga mulango ya ndege. Hakufika. Nikafikiri ameogopa kuacha bibi na tumbo kubwa. Nikaenda peke yangu."

"Una shahidi?"

Masudi alitoa pasipoti na kuifungua. Muhuri wa kuingia ulikuwa mmoja, wa kutoka mmoja, na tarehe zake zilikubaliana na maneno yake. Nkulu aliziandika katika daftari lake, kisha akaiweka picha juu ya kitenge.

Masudi aliitazama, akaanza kucheka. Kicheko hakikufika mbali. Kilikatika, akakaa juu ya kasha.

"Ni Istanbul?" Nkulu aliuliza.

"Ni Istanbul. Ule musikiti wa minara sita, nimeingia ndani. Unavua viatu, unakanyaga tapi, zulia moja kubwa sawa uwanja wa mupira, na kuta zote ni bigae bya bluu, unaangalia juu mpaka shingo inauma. Ile ingine ni Aya Sofya. Ilikuwa kanisa, ikakuwa musikiti, sasa ni musée, makumbusho. Ndani utaona Bikira Maria wa zahabu, na pembeni yake jina ya Mungu kwa Kiarabu. Bale benye balijenga balishindwa vita, bengi bakatawanyika. Nyumba ikabakia. Chini ya ardhi kuna tangi ya maji ya zamani, nguzo mingi sana, na nguzo moja imesimama juu ya kichwa ya mwanamuke wa jiwe, kichwa chini miguu hakuna. Soko yenye dari, unapotea mule mpaka unalomba mutu akutoe."

"Barua inasema anatoka msikitini mpaka kwenye huu mnara kwa miguu, hapa karibu."

"Karibu!" Masudi aligonga picha kwa kidole. "Huu munara ni Galata. Iko ngambo ingine. Katikati kuna maji, Inspecteur, maji ya bahari, na daraja, na batu balishajipanga pale na ndoano banavua samaki. Mutu mwenye anakaa Istanbul hawezi kusahau ile maji. Na hizi nyumba haziwezi kusimama mustari moja. Zimesimama mustari moja fasi moja tu ya dunia."

"Wapi?"

Masudi alinyanyua sauti kidogo. "Hawa! Fungua pazia."

*

Hawa, mtoto wa dada yake Masudi, alikuwa na studio ya picha nyuma ya duka. Ilikuwa chumba kimoja, taa mbili na kiti cha kuzunguka. Alivuta kamba, na Istanbul ikashuka kutoka darini, mita tatu kwa nne, rangi za mafuta juu ya magunia ya unga yaliyoshonwa pamoja.

Mjomba wake alikuwa ameleta kalenda, akaeleza, na mchoraji mmoja kutoka Mutshatsha aliinakili. Kila mwezi ulikuwa na jengo lake. Mchoraji alitaka kuyaweka yote kumi na mawili, magunia yakatosha manne. Maji hakuyachora kwa sababu kalenda haikuyaonyesha. Wateja hawakulalamika. Nusu ya mabibi harusi wa Kolwezi walikuwa wameolewa mbele ya msikiti ule, Wakatoliki kwa Wamethodisti.

Nkulu alisogea mpaka pua ikakaribia kugusa kitambaa. Mshono mmoja ulikata mnara wa Galata katikati, ukapinda kushoto. Aliinua picha. Mshono ulikuwepo, umepinda vilevile kushoto.

"Alikuja lini?"

"Mwanzo ya mwezi wa pili, kwa photo passeport," alisema Hawa. "Nikamuambia simama ku pazia, hii ingine nakupatia bure. Akacheka sana. Akasema nitaacha hii kwa mama siku ya kwenda, nimuambie nimeshafika. Nikamupa tiketi ya kuchukulia. Hakurudia."

"Na nani aliichukua?"

"Muzee moja, wiki tatu sasa. Alikuwa na tiketi. Akasema yeye njo baba yake. Nilimusainisha."

"Baba yake Tshilombo alikufa miaka saba iliyopita."

Hawa alishika mdomo. Kisha akafungua daftari lake la picha zilizochukuliwa na kuweka kidole. *Tshilombo père*, maandishi yalisema, herufi nzito za mtu aliyejifunza kuandika ukubwani. Na mbele ya jina, bila kuulizwa na mtu, palikuwa na namba: 31-704.

Nkulu alikimbilia dirishani na ile barua. Chini ya jina la Tshilombo kulikuwa na doa la wino alilokuwa amelidhania ajali ya kalamu. Aliugeuza ukurasa, akauweka juani upande wa nyuma. Kalamu ilikuwa imekandamiza karatasi kabla ya maandishi kufutwa kwa wino. 31-704.

Hapo hakuhitaji kufikiri sana, maana baba yake mwenyewe alikuwa mtu wa kampuni ya migodi. Mfanyakazi alipewa namba siku ya kwanza, na namba ikawa yeye. Iliandikwa juu ya kofia yake ya chuma, juu ya karatasi ya unga, juu ya kadi ya hospitali ya mtoto, na mwisho juu ya jeneza. Baba yake Nkulu aliwahi kumwandikia salamu za Noeli na kuweka namba chini. Mkono uliozoea miaka thelathini hauulizi kichwa. Mwandishi wa barua aliweza kuiba jina la mtu mwingine, lakini namba yake ilimponyoka mara mbili.

*

Kapata ilikuwa kimya kupita kawaida. Mistari ya nyumba za kampuni ilikuwa na mapengo, nyumba zilizong'olewa milango na madirisha. Mbele ya kantini iliyofungwa, mama aliyeuza mkaa aliisikia namba na kujibu bila kuinua kichwa.

"31-704 ni tata Ngoy. Avenue ya ine, nyumba ya mwisho."

Tata Ngoy hakuwa nyumbani kwake. Alikuwa ua wa pili, akifagia mbele ya nyumba tupu isiyo na mlango. Nkulu hakuuliza ilikuwa ya nani. Ukutani, kwa chokaa, bado palisomeka jina la mume wa Mama Godelieve.

"Tata Ngoy, umeshafika Istanbul?"

Ufagio ulisimama. "Fasi gani?"

"Fasi umeandika barua."

Mzee aliuegemeza ufagio ukutani polepole. Alikuwa mrefu, mkavu, masikio yake yameharibiwa na mashine, na alipozungumza alizungumza kwa sauti ya juu kana kwamba bado yuko chini ya ardhi.

"Mi na baba ya Tshilombo tulishika mashine moja miaka kumi na ine," alisema. "Mi mbele, ye nyuma. Alipokufa aliniambia: angalia mutoto."

"Na uliangalia?"

Hilo lilikuwa swali katili, na Nkulu alilijua. Ngoy alikaa kizingitini.

"Siku ile anaenda, asubuhi, batoto ba jeunesse ya chama baliweka barrière ku barabara. Balikuwa arobaini, labda zaidi. Balimuuliza jina. Akasema jina yake, jina ya Kasai. Mi nilisikia makelele, nikakimbia, nikakuta balishamaliza." Alitazama mikono yake. "Mumoja alikuwa mutoto yangu. Kisimba. Huyu mwenye alikulaka mu nyumba hii sawa mu yangu. Alikuwa na jiwe mu mukono. Aliniona, akakimbia. Hakurudia mpaka leo."

"Maiti?"

"Nilimupeleka na toroli asubuhi ile ile. Nilimuweka pembeni ya baba yake. Ku musalaba niliandika jina ya ndugu yangu wa Katanga, juu bale hawaachake hata makaburi ya batu ba Kasai. Mu mufuko ya koti kulikuwa tiketi ya photo."

"Ukaenda kuchukua."

"Nilifikiri mama akijua mutoto iko muzima, atapanda treni, ataenda mbali na sisi. Akifika kule, maumivu itakuya polepole. Mama wa mihogo aliniambia hangari yake, nikamupatia barua, aseme imetoka Lubumbashi. Mujinga alikuwa na tumbo. Nani anaweza kuambia mwanamuke wa tumbo kitu sawa hii?" Alifuta uso kwa kiganja. "Barua inasema panda. Juu ya nini hapandi?"

"Atakueleza mwenyewe. Twende."

"Hapana." Mzee alinyoosha viganja viwili mbele. "Nifunge. Nipeleke Parquet. Kule gare siwezi kufika."

Nkulu alitoa karatasi na kuandika maelezo yote, jina la Kisimba pia, akijua kwamba dawati la mkubwa wake lilikuwa na droo maalumu ya mafaili ya namna hiyo, na droo ile haikufunguliwa. Aliandika hata hivyo. Ngoy alisaini, na namba ikafuata.

"Mficha maradhi, kilio humfichua, tata Ngoy," alisema Nkulu akikunja karatasi. "Pingu zipo. Ukizitaka nitakuvika baadaye."

*

Waliingia stesheni saa kumi alasiri. Watu walimtambua Mkatanga wa Kapata, na njia ikafunguka mbele yao kwa ukimya mbaya. Ngoy alikuwa amevua kofia yake ya chuma, ameishika kifuani. Mujinga alisimama na mtoto, akamtazama Ngoy, kisha akatazama nyuma yake, akitafuta mtu mwingine. Hakukuwa na mwingine.

Mama Godelieve hakusimama.

"Mama Tshilombo," alisema Ngoy kwa sauti yake kubwa, na hangari yote ikasikia. "Tshilombo alikufa. Balimuua ku barrière. Kisimba alikuwa mule. Mi njo nilimuzika, pembeni ya baba yake."

Mujinga alipiga ukelele mmoja, akashika mdomo kwa ajili ya mtoto. Wanawake wawili walimdaka kabla hajaanguka. Nkulu alitazama chini. Alikuwa amekwisha kuona vifo vingi, lakini hakuweza kuutazama uso ule.

"Ulimufunga na nini?" Mama Godelieve aliuliza.

"Na drap, shuka ya bibi yangu. Mupya."

"Ulisali?"

"Nilisali."

Mama Godelieve aliitikia kwa kichwa, kama mtu anayepokea mzigo na kuupima kama ndio wake. Kisha akaomba barua, akaweka kidole juu ya doa la wino bila kulitafuta.

"Kusoma sijue. Mais namba najua. Miaka kumi na tano nilisimama mu mustari ya unga nyuma ya bibi yako, nasikia banaita 31-704, naiona ku karatasi yake. Siku ya kwanza barua ilifika, nikaigeuza ku jua, nikaona namba. Nikajua mutoto yangu alishakufa, na Ngoy njo anajua fasi iko."

"Ulijua?" Ngoy aliuliza. "Na ukabakia hapa?"

"Karatasi haiweze kuleta kilio, Ngoy. Kwetu kilio inaletwaka na mudomo ya mwenye alizika. Ningelia peke yangu, ningemutupa mutoto sawa imbwa. Ningepanda treni, nani angeniambia? Nilikuwa nakungojea we."

Alifungua kilemba chake. Alishuka kutoka juu ya sanduku, akaketi chini kwenye saruji, miguu imenyooka mbele. Ngoy aligeuka aende.

"Unaenda wapi?" alisema Mama Godelieve. "Kaa chini. Ndugu ya bwana yangu hapa ni nani mwingine?"

Ngoy aliketi. Ndipo Mama Godelieve alipofungua kinywa, na kilio alichokibana wiki zote zile kikatoka, na hangari ya kwanza mpaka ya tatu wakakiitikia. Watu wengi pale walikuwa na marehemu wao ambao hakuna aliyekuja kuwasema. Waliwalia humo humo.

Asubuhi, treni ilijaa mpaka juu ya paa. Nkulu alipitisha sanduku dirishani, kisha akaichomoa picha kutoka kwenye faili na kumpa Mama Godelieve. Ilikuwa kielelezo namba mbili, na alijua kwamba anavunja sheria. Mujinga alikuwa amelala, au amefumba macho tu, mtoto kifuani.

Mama Godelieve aliitazama picha kwa muda mrefu.

"Ile muji, tata Inspecteur. Iko kweli?"

"Iko, Mama. Masudi ameiona. Ila si hivi. Kati ya msikiti na mnara kuna maji."

"Maji mingi?"

"Mengi. Na daraja."

"Angevuka," alisema Mama Godelieve. "Mutoto yangu angevuka."

Aliifunga picha katika pindo la kitenge chake, na treni ikaanza kusogea upande wa Tenke.